Siku Ndege Zilipogeuza Njia

Mtaa mzima ulimwita Rada, na hakukasirika. Kuna majina ya mtaani yanayochoma na kuna yanayomkaa mtu vizuri kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na hili lilikuwa la namna ya pili. Alikuwa dobi. Alifulia nyumbani kwake, uani, na mtu anayefua huku uso wake uko juu, asipopewa jina na majirani, basi majirani hao wana kasoro.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ua, mwisho wa kichochoro, mahali ambapo ndege zinazokwenda kutua hupita zikiwa zimekwisha kutoa magurudumu. Walipohamia, yeye na mumewe, binti yao alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kila ndege ilipopita mtoto alilia, na mama mtu naye alitamani kulia, ila aliona haya. Vikombe viligongana kabatini. Mume, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la vipuri na hulala mchana, alisema neno moja tu, "Tutazoea," akajiwekea mto usoni akazoea siku hiyohiyo. Mkewe alizoea kwa njia nyingine. Alimtoa mtoto uani, akamnyanyua, akamwonyesha.

"Litazame tumbo lake. Itazame miguu yake."

Mtoto akanyamaza. Baadaye alikua, akachoshwa na matumbo ya ndege, akaenda shule, akapata kazi kwenye duka la dawa upande wa pili wa mji, akahama. Mama akabaki anatazama.

Majina ya kiwandani hakuyajua wala hakuyatafuta. Alikuwa na ya kwake. Ile pana ya asubuhi, yenye injini nne na mlio wa mtu mzito anayejitupa kwenye kochi, ilikuwa Mnene. Nyembamba yenye injini mbili huko nyuma karibu na mkia aliiita Filimbi. Zile ndogo za mapangaboi, zinazofuatana kwa karibu na hazikosi la kusema, zilikuwa Mawifi. Ya mizigo, isiyo na madirisha, ilikuwa Kipofu. Na mara mojamoja, bila kutangaza, kilipita kitu ambacho hakijawahi kupita: ndege ya jeshi yenye tumbo la kijivu, au kindege chenye mkia wa rangi ya machungwa ambacho hakikurudi tena. Siku kama hiyo hata kukamua kulikuwa kwepesi.

"Ungependa kupanda siku moja?" jirani yake, fundi cherehani wa nyumba ya mbele, aliwahi kumuuliza.

"Nikiipanda nitaionaje?"

Fundi aliisambaza kauli hiyo mtaani kwa wiki nzima.

Lakini kutazama kwake kulikuwa pia ni kazi, na hapo ndipo watu walipochelewa kumwelewa. Ua ule ulizungukwa na kuta za nyumba za ghorofa. Upepo uliingia humo ukiwa umekwisha kuchoka, ukazungukazunguka juu ya mabeseni, ukatoka bila kusema umetoka wapi. Ukitegemea upepo wa uani ujue kama mvua inakuja, utafua mara mbili. Rada aligundua mwenyewe, taratibu, kwa miaka, kwamba siku za kawaida ndege hutua juu ya nyumba yake, zikitokea nyuma ya tangi la maji la mtaa. Ila kuna siku hugeuza: zinapaa juu ya nyumba, zikitokea upande wa uwanja wa ndege, pua juu, zikinguruma hadi meno yanaingiwa na ganzi. Maana yake upepo wa huko juu umegeuka. Na upepo wa juu ukigeuka, mvua iko njiani. Watu wengine dalili yao ya mvua ni mawingu; yake yeye ilikuwa ndege.

Akiona zimegeuza, huanua. Mwanzoni walimcheka, mwanamke anayeanua nguo jua linawaka. Kisha mvua ikanyesha kabla kicheko hakijaisha, siku hiyo na siku nyingine. Ikafika mahali mtu akipiga kelele dirishani, "Rada anaanua," mtaa mzima unakimbilia kamba.

Kazi yake kubwa ilikuwa mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa mitaa michache kutoka kwake. Nguo za majirani alizipokea pia, lakini mashuka ndiyo yaliyomkalisha mjini. Shuka likiwa kavu ni kitambaa. Likiwa na maji ni mnyama. Lazima ulinyanyue kutoka kwenye beseni kwa mikono yote miwili, ulikamue kuanzia pembe, ulirushe juu ya kamba, ulivute, kisha urudi kwa linalofuata ambalo ni zito zaidi, kwa sababu wewe umepungua. Bega lake la kulia lilikuwa na mlio. Kiuno kilikuwa kimeacha kuuma kwa vipindi, kikawa kinauma kama kawaida ya siku, na yeye alikiongelea kama mtu anavyomwongelea mpangaji mkorofi: yupo, hatoki, tumezoeana.

Msimamizi wa nyumba ile ya wageni alikuwa dada mmoja mwembamba, mwenye miwani, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila ameketi. Ni yeye aliyemwambia habari ya mashine.

"Shikamoo mama. Zimefika. Moja ya kufulia, moja ya kukaushia. Sasa njoo uzisimamie wewe. Mshahara wa mwezi, hakuna kukamua, hakuna kuinama."

"Marahaba, mwanangu. Nitafikiria."

"Unafikiria nini? Hicho kiuno hakijakushauri?"

"Kimeshauri. Kina maneno mengi sana hicho."

Alionyeshwa chumba. Kilikuwa nyuma ya ngazi, kisafi, kina sakafu ya vigae, kina taa nyeupe inayowaka usiku na mchana. Mashine zilikuwa zimekaa pembeni kama mabibi harusi. Rada alizunguka chumba akitazama kuta, moja baada ya nyingine, akarudi mlangoni. Hakikuwa na dirisha.

Alisema hataki, kwa sababu mume wake hulala mchana na hawezi kuachwa peke yake nyumbani. Msimamizi alimtazama juu ya miwani. Mlinzi mzima anayelinda ghala peke yake usiku anaogopa kuachwa mchana? Lakini hakuuliza. Rada mwenyewe alijua sababu ile ni mbovu. Ile ya kweli hakuweza kuitamka. Mwanamke wa umri wake, mwenye kiuno kama kile, akatae kazi ya kukaa kwenye kigoda kwa sababu anataka kutazama ndege? Hata akijiambia mwenyewe kimoyomoyo, alishikwa na aibu.

"Sawa," msimamizi alisema mwishowe. "Endelea huko kwako. Lakini mashuka yakichelewa hata mara moja, mama, au yakija na unyevu, nahamishia kazi huku. Nisikufiche. Mwenye nyumba kila akija ananiuliza mashine imekaa kama pambo kwa nini."

"Hayatachelewa."

Na kwa muda hayakuchelewa. Alianza kuamka mapema zaidi.

Siku yenyewe ilianza kwa uchovu wa jana yake. Nyumba ya wageni ilikuwa inatarajia watu wa semina jioni, vyumba vyote, na mashuka yote yalikuwa kwake. Alfajiri alikuwa ameshaloweka. Jua lilipopanda juu ya ukuta alikuwa ameshasuuza, na mumewe aliporudi kutoka lindoni alimkuta ameegemea ukuta, mikono inaning'inia kama si ya kwake.

"Umekula?" mume aliuliza.

"Nitakula."

"Hilo si jibu, mama. Hiyo ni ahadi."

"Nenda kalale, baba. Mlinzi asiyelala mchana atalala kazini."

Mlinzi akacheka kidogo kupitia puani, akavua viatu mlangoni, akaenda kulala. Yeye akaanika. Aliyapanga mashuka kwenye kamba zote, kutoka ukuta hadi ukuta, hadi ua ukawa kama hema lenye vyumba vingi, naye akipita katikati akisukuma nguo baridi kwa paji la uso. Mbingu ilikuwa na mawingu machache meupe, yametawanyika. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akasubiri Mnene. Hii ndiyo ilikuwa saa yake. Alielekeza shingo nyuma ya tangi la maji.

Mnene haikutoka nyuma ya tangi. Ngurumo ilianza mgongoni mwake, upande wa uwanja, ikakua, ikajaza ua, na alipogeuka ndege nyingine ya umbo la Mnene iliibuka juu ya paa la fundi cherehani ikiwa imeinua pua, nzito, injini zote nne zikilia kwa bidii. Ilikuwa inapaa.

Hakukaa kufikiri. Mtu mwenye bega linalolia hana muda wa kufikiri mbele ya mashuka ya watu. Aliinuka akaanza kuanua, vibanio vikidondoka, mashuka yakimwangukia kichwani yakiwa bado na maji kwenye pindo. Dirishani juu, sauti ya mwanamke ikapaa, "Rada anaanua," na kwa dakika chache kulikuwa na milango inafunguka na kamba zinatikisika mtaa mzima. Alibeba mafungu ndani, akayarundika juu ya meza, juu ya viti, mwishowe miguuni pa kitanda. Mumewe akafungua jicho moja.

"Mvua?"

"Inakuja."

"Isinilaze na mashuka ya wageni, mimi sijalipia chumba," alisema, akageukia ukutani.

Rada akasimama kizingitini kusubiri tone la kwanza.

Badala ya tone kikaja kindege. Kilitokea upande uleule wa uwanja, chini kuliko alivyowahi kuona ndege yoyote juu ya nyumba yake, chini kiasi cha kuona michirizi ya mafuta nyuma ya injini. Kilikuwa cheupe, mkia mwekundu, mapangaboi mawili, na tumboni kilikuwa na vitu vimechomoza kama miiba, vya urefu tofauti. Si Wifi. Mawifi aliyajua kwa mgongo na kwa tumbo. Kilipita, kikapinda kushoto, mlio wake ukaenda ukififia kuzunguka mji.

Alihisi uchovu wote umemtoka mabegani. Alibaki pale kizingitini mdomo wazi kidogo, akikirudia kichwani ili asikisahau: mkia mwekundu, miiba tumboni.

Kisha kikarudi. Mahali palepale, chini vilevile, kwa mwendo uleule, kikapinda kushoto. Alitoka hadi katikati ya ua. Kikaja mara nyingine. Ndege hazifanyi hivyo. Ndege inakwenda mahali. Hii ilikuwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akarudi, akafika mlangoni akasahau tena. Kati ya zamu zake, ndege kubwa nazo zilipaa moja moja, lakini Rada hakuzitazama. Alikuwa anaisubiri ile moja. Alipanda juu ya beseni. Aligundua kwamba miiba ile haikuwa sawa, kwamba ule wa nyuma ulikuwa umepinda kama ndoano. Aliona, au alidhani ameona, kichwa cha mtu dirishani.

Jua lilikuwa linawaka. Kamba zilikuwa tupu.

Ni fundi cherehani aliyemwamsha. Alichungulia juu ya ukuta, futi ya kupimia shingoni.

"Rada, mvua yako imekwama foleni?"

"Inakuja."

"Mke wangu kaanua nguo mbichi, sasa kavaa suruali yangu. Nimuulize nani?"

Hapo ndipo alipotazama mbingu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mbingu yenyewe, si kilichomo ndani yake. Yale mawingu machache yalikuwa yamepungua. Aliingia ndani, akachukua simu, akampigia binti yake. Binti alikuwa na kitu kwenye simu yake kinachoonyesha kila ndege iliyo angani na inakotoka, na mara nyingi alitaka kumwekea mama yake. Mama alikataa. Alisema kujua kabla haijafika ni kama kuhadithiwa mwisho wa hadithi.

"Mama, niko kazini, kuna watu."

"Angalia hicho chako. Kuna kindege kinazunguka hapa kwangu."

Sauti za watu dukani zilisikika. "Nimekiona. Kinazunguka kweli, kama inzi. Ngoja. Imeandikwa ni ya ukaguzi. Inapima mitambo ya uwanja, ile inayoziongoza ndege kutua. Leo inapimwa ya upande wa pili, ndiyo maana wamegeuza njia hadi mchana."

"Wamegeuza wenyewe?"

"Eh. Upepo hakuna kabisa leo, ndiyo wakapata nafasi. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu. Uza dawa zako, mwanangu."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, juu ya rundo, na maji yakapenya kwenye gauni lake. Kosa la kwanza alijisamehe haraka, nani angejua? Miaka yote anga halikuwahi kumdanganya. Lakini kindege kilipopita mara ya pili alikuwa ameshaona kwamba mambo si ya kawaida, na jua lilikuwa wazi juu ya kichwa chake, na angeweza kuanika upya wakati huohuo. Hakuanika. Alipanda juu ya beseni. Kosa hilo halikuwa la anga.

Akaanika upya. Safari hii alikwenda polepole, kwa sababu mikono haikupanda ilipotakiwa kupanda. Mashuka yaliyorundikana yalikuwa yamejikunja, yamerudi kuwa mazito, na lililokuwa juu limechafuka pembeni kwa kuguswa na unyayo wa mlinzi, ikabidi alifue tena. Kindege bado kilipita. Alikisikia. Hakuinua kichwa. Ilimgharimu hiyo, lakini hakuinua.

Mchana ulipogeuka, kivuli cha ghorofa kilianza kuteremka ukutani kama kawaida yake, kikafika kamba ya kwanza, kikaimeza, kikaenda ya pili. Uani kwake jua halikuwa la kutwa nzima. Kila mtu anayeanika huko alilijua hilo. Mumewe alipoamka alimkuta anahamisha mashuka kutoka kamba yenye kivuli kwenda kamba isiyo na kivuli, ambayo nayo ilikuwa inaingia kivulini.

Alitazama kamba, akatazama uso wa mkewe, akaenda kuwasha pasi. Alikuwa hajui kupiga pasi, au kwa miaka mingi alikuwa amejifanya hajui. Wakashika shuka mojamoja, yeye upande huu, mke upande ule, pasi ikitoa mvuke kwa mlio wa hasira.

"Vuta," mke alisema.

"Nimevuta."

"Hujavuta, umeshika."

"Wewe mwanamke, watu wa semina watalalia, hawatalisoma."

Walipofika mashuka ya mwisho umeme ulikuwa bado upo, nguvu ndizo zilizokatika. Yalikuwa na joto la pasi, na mtu akiyagusa haraka angesema makavu. Wakayafunga mafungu mawili. Mlinzi alivaa sare yake ya kazi, akajitwika fungu kubwa, akaguna.

"Kumbe ndiyo mazito hivi?"

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," mke alimwambia. "Leo umejitwika, umeujua."

Walitembea mitaa ile michache. Mlinzi mwenye sare na fungu la mashuka kichwani, watu waligeuka kumtazama, mmoja akamuuliza kama amebadilishiwa lindo. Akajibu kwamba sasa analinda usingizi wa watu kwa karibu zaidi. Mkewe alicheka, na kicheko kikamshika kiunoni, akasimama kidogo hadi kilipopita.

Msimamizi alikuwa mapokezi, amesimama, anatafuna kitu. Wageni walikuwa wameshafika. Masanduku yalikuwa yamejaa ukumbini na mtu mmoja alikuwa amelala kwenye kochi na viatu. Msimamizi hakuyagusa mashuka kwa vidole. Alilichukua la katikati, akalikunjua, akaliweka shavuni.

"Mama."

"Najua."

"Haya bado."

"Najua, mwanangu."

Mlinzi alitua fungu, akatazama saa ya ukutani, akatazama mkewe. Alitakiwa kazini. "Nenda, baba," mkewe alimwambia, na akaenda, akigeuka mara moja mlangoni.

Wakayabeba wanawake wawili hadi kile chumba nyuma ya ngazi. Msimamizi akamwonyesha: hapa unafungua, hapa unaweka, usijaze sana, hapa unabonyeza. Mashine ikaanza kuzunguka, mashuka yakionekana kwenye kioo, yakipanda na kuanguka, yakipanda na kuanguka, na hakuna mkono uliokuwa unayanyanyua. Rada alikaa kwenye kigoda akiyatazama. Msimamizi aliegemea ukuta, akavua miwani, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana akiwa na miwani.

"Tulikubaliana, mama."

"Tulikubaliana."

"Sipendi kukulazimisha. Lakini kwa nini ulikuwa hutaki? Nieleze ya kweli, hiyo ya mume niachie."

Rada aliangalia kuta, moja baada ya nyingine. Alikuwa amechoka mno hata kuona aibu. Pengine aibu nayo inahitaji nguvu.

"Huku hakuna anga," alisema. "Nyumbani natazama ndege zikipita. Ndiyo hiyo tu. Leo nimekawia kwa sababu nilikuwa natazama ndege."

Msimamizi hakucheka. Alivaa tena miwani yake, mashine ikabadilisha mlio.

"Zinapita hapa pia," alisema baadaye. "Nadhani. Huwa nasikia."

"Zinapita. Ila hapa zinakuwa zimeshapinda, unaona ubavu tu."

"Nikuwekee dirisha siwezi. Ukuta huo ni wa jirani."

"Sikukuomba dirisha, mwanangu. Umeniuliza nikajibu."

Mashine ikasimama. Mashuka yalitoka ya moto, makavu hadi kwenye pindo, na wote wawili wakayashika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa lile joto. Kisha wakayakunja, wakiyakutanisha pembe kwa pembe, na Rada akasema atakuja kesho asubuhi.

Alikwenda kesho yake na siku zilizofuata. Kazi ilikuwa kama ilivyosemwa. Alibonyeza, akakaa, akakunja, akabonyeza. Baada ya muda bega likaacha kulia. Usiku alilala moja kwa moja hadi asubuhi, jambo ambalo hakulikumbuka tangu binti yake alipokuwa mdogo, na hilo lilimkera kidogo, kwamba mwili uliridhika upesi hivyo bila kumuuliza. Nguo za majirani aliziacha. Uani kamba zilining'inia tupu, na mtaa ulirudi kuangalia mawingu kama watu wengine, ukawa unalowa kama watu wengine.

Pale chumbani hakusikia kitu. Mashine zikizunguka huwezi kusikia hata mtu anayekuita mlangoni.

Jioni moja alimkuta mumewe amekaa kizingitini, amevaa sare tayari, anamsubiri. Kwa kawaida wakati huo huwa anatafuta tochi yake akilaumu watu.

"Leo nimekutazamia," alisema.

"Umenitazamia nini?"

"Hayo madude yako. Asubuhi, kabla sijalala. Nimesimama pale kwenye kamba, shingo hii yote."

Rada aliweka mkoba chini, akajishusha taratibu akaketi kwenye kiti cha mlangoni. "Imepita ipi?"

"Moja kubwa."

"Injini ngapi?"

"Zipo. Isingeruka bila injini."

"Ilikuwa inatua au inapaa?"

Mlinzi akafikiri. "Ilikuwa inapita."

"Ilitokea nyuma ya tangi?"

"Hapo sasa unanihoji kama mwizi. Ilitokea juu. Ilikuwa na mkia wa buluu. Au kijani. Jua lilikuwa machoni."

Saa ile hapakuwa na ndege yenye mkia wa buluu, wala kijani. Ama mumewe alikuwa ameota amesimama, ama kitu kipya kimeanza kupita juu ya nyumba yake baada ya yeye kuacha kutazama. Alimtazama usoni. Macho ya mlinzi yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala vya kutosha, na usiku mzima ulikuwa bado uko mbele yake.

"Kesho tazama mkia vizuri," alimwambia. "Halafu ulale."

"Mkia," mlinzi alisema, kama anayetumwa dukani. Akachukua tochi, akaenda kazini.

Rada akabaki kwenye kiti cha mlangoni. Baada ya kitambo alisikia moja inakuja, mbali bado, nyuma ya tangi. Alitaka kuinuka aende uani, giza lilikuwa halijaingia sawasawa. Miguu ikakataa. Akaisikiliza hapohapo, viatu bado miguuni, hadi ikapita juu ya paa na vikombe vikagongana kabatini.